Muvi imeisha, sasa mnauliza funzo ni nini?

Kuna swali nikilisikia baada ya muvi nachoka kabla sijajibu, "sasa hapa funzo ni nini?" Yani majina ya waigizaji hata hayajamaliza kupanda kwenye skrini, mtu anataka akabidhiwe ujumbe wake kama risiti. Na mi siwalaumu sana maana tumefundishwa hivyo. Wote tuliopita sekondari Bongo tunaijua fani na maudhui, unakesha na tamthilia usiku kucha alafu asubuhi kwenye mtihani unamwaga dhamira, ukombozi, rushwa, mapenzi na ndoa, nafasi ya mwanamke katika jamii, na hapo kwenye mwanamke kila mtu alikuwa na sentensi yake ya akiba, "mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe", hata kama kwenye kitabu chenyewe mwanamke ndio anaendesha kila kitu. Ukishamaliza maudhui unahamia fani, muundo, mtindo, wahusika, mandhari, unaziorodhesha upande wa pili wa karatasi na hizo pande mbili hazikutani mpaka msimamizi anakusanya.

Kwenye sinema huo mgawanyo ndio unaharibu kila kitu. Maudhui ya muvi yamo humo humo kwenye fani: kamera imesimama wapi, nani tunamuona uso na nani tunamuona mgongo, kitu gani kinarudi rudi, sauti ya nani tunaisikia na ya nani hatuisikii kabisa. Ukivitoa hivyo kinachobaki ni stori tu, na stori hata jirani anaweza kukusimulia.

Alafu kuna shule nyingine tuliyosoma, ile ya kibanda umiza. Benchi la mbao, tv moja, joto, na sauti ya mtafsiri imekaa juu ya sauti ya muvi. Waliokulia Dar wanamkumbuka Lufufu, Wakenya wana DJ Afro wao. Hawa jamaa ndio wachambuzi wetu wa kwanza ila hatukuwahi kuwaita hivyo, maana mtafsiri hakai kugeuza maneno tu, anakwambia huyu kanuna kwa sababu gani, anakudokeza kwamba huyo rafiki usimuamini, anampa mwigizaji wa Hong Kong jina la mtaani kwenu na biashara ya mkaa juu. Na anakufundisha sheria kuu, kuna steringi, kuna adui, na steringi hafi. Sheria hiyo inakusogeza mbali sana, nasema kweli. Ila siku ukikutana na picha ambayo steringi anakufa muvi ikiwa bado inaendelea, na adui hana bunduki wala kisu, silaha yake ni aproni, unabaki umekodoa macho.

Picha ninayoisema ni La Noire de... (kwa Kiingereza wanaiita Black Girl) ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966. Nyeusi na nyeupe, kama saa moja tu. Kama hujaiona kaitafute kwanza maana naenda kumaliza stori yote hapa.

Sembène mwenyewe ni mtu wa kuvutia. Kazaliwa Ziguinchor 1923, kapiga ukuli bandarini Marseille, kaandika vitabu kwanza, ndio baadae akiwa mtu mzima kabisa akaenda Moscow kusomea sinema. Alitaka kuwafikia watu wake ambao wengi hawasomi Kifaransa, akawa anaiita sinema shule ya jioni. Muvi hii ikachukua tuzo ya Jean Vigo kule Ufaransa na tuzo kubwa ya tamasha la Carthage, Tunisia, mwaka huo huo wa 1966, na mpaka leo ukisoma historia ya sinema ya Afrika kusini mwa Sahara ndio inatajwa mwanzoni mwanzoni.

Stori fupi. Diouana ni binti wa Dakar anayetafuta kazi, anakaa na wanawake wenzake pale wanapongojea mabosi wa kizungu waje kuchagua, Madame anakuja anamchagua yeye. Dakar kazi yake ni kuangalia watoto, basi. Mabosi wanarudi kwao Ufaransa, wanamwita awafuate. Anashuka kwenye meli kapendeza, gauni, wigi, viatu vya visigino, anapelekwa kwenye fleti ya Antibes kule pwani ya kusini, anakuta watoto hawapo na kazi imegeuka kupika, kufua na kudeki. Hatoki. Anaishiwa, mwisho anajiua. Bosi anarudisha sanduku lake Dakar.

Mtu wa funzo hapa keshajaza ukurasa, ukoloni mamboleo, ubaguzi wa rangi, nafasi ya mwanamke, vijana tusikimbilie Ulaya. Sawa, sio uongo. Lakini hayo yote ungeweza kuyaandika hata kama umesimuliwa tu kwenye daladala, na mimi hicho ndio kipimo changu, kama uchambuzi wako ungeweza kuandikwa na mtu ambaye muvi hajaiona basi hujaichambua muvi.

Ninavyofanya mimi ni hivi, mara ya kwanza naangalia kama mtu wa kawaida, nacheka, nakasirika, simu mbali, hakuna kalamu. Mara ya pili nakamata kitu kimoja tu nakifuatilia. Kwenye hii picha kitu hicho kinajitoa chenyewe, ni kinyago. Mwanzoni kabisa mwa safari yake kipo mikononi mwa mtoto mdogo wa mtaani kwao Diouana, mtoto anachezea. Diouana akipata kazi anakichukua anawapelekea mabosi zawadi, zawadi ya mtu mwenye furaha, na mabosi wanakipokea wanakigeuza geuza kukikagua, alafu wanakiweka pale nyumbani kwao Dakar pamoja na vinyago vyao vingine. Kwahiyo kitu kilichokuwa mchezo wa mtoto kimeshakuwa pambo la mkusanyaji, na hakuna aliyetamka neno lolote kuhusu ukoloni. Sasa nenda Antibes. Kinyago kile kile kipo peke yake kwenye ukuta mweupe, mtupu. Diouana anapoingia kwenye ile fleti anakiona, na sisi tunaona kwamba humo ndani vipo viwili vilivyotoka Dakar, yeye na kinyago, na vyote vimewekwa sehemu na mtu mwingine.

Hapo ndio utaelewa kwanini baadae anakichomoa ukutani. Madame anakuja juu anataka kukirudisha, wanavutana, wanawake wawili wazima wanagombania kipande cha mbao, na kama ulikuwa hujakifuatilia toka mwanzo utaona ni ugomvi wa kijinga, ila kama ulifuatilia unajua kabisa Diouana anadai nini. Alikuwa ametoa zawadi. Zawadi inatolewa kwa mtu anayekuheshimu, heshima imekwisha, anachukua chake. Na hela ya mshahara wanayompa mwishoni anairudisha. Angalia huo mpangilio, kinyago anakichukua na hela anaiacha.

Usiwe unakimbilia kusema "kinyago kinaashiria Afrika" alafu ukakaa. Ndio inaweza kuwa, ila sentensi hiyo haina kazi, umeweka kibandiko umeondoka. Kinyago kinabadilika kila kinapobadilisha mikono, mara mchezo, mara zawadi, mara pambo, mara dai, na maana ipo kwenye hayo mabadiliko.

Njia hiyo hiyo inafanya kazi kwenye viatu. Diouana anafanya kazi za ndani amevaa visigino na gauni zuri, Madame inamkera, anampa aproni, anamwambia avue viatu akumbuke yeye ni mtumishi. Kwa mtazamaji wa haraka haraka binti ana maringo. Sasa jiulize alivaa vile kwa ajili ya nani, wakati hatoki nje na hakuna anayemtazama zaidi ya hao hao mabosi. Alipokuwa Dakar aliota maduka, aliota kupiga picha ufukweni awatumie wenzake nyumbani wamuonee wivu (tuseme ukweli, nani kati yetu hajawahi kuweka status ya namna hiyo). Kwenye ile fleti viatu ndio safari yote iliyobaki, akivivua anakuwa amefika mwisho. Na kweli muvi haimuonyeshi Ufaransa. Anaiona kidogo kwenye gari siku ya kupokelewa, bahari, mitende ya kule pwani, barabara nzuri, baada ya hapo ni kuta. Mwenyewe anajisemea moyoni kwamba Ufaransa kwake ni jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Ila zikija kumbukumbu za Dakar kamera inatoka nje, mitaa, hewa, watu wanatembea. Hakuna mtu kakwambia fleti ni jela, umeishi humo dakika arobaini ukajua mwenyewe.

Niliangalia hii na binamu yangu, dada mkubwa kwangu, ambae aliwahi kufanya kazi za ndani Muscat kabla hajarudi nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kumpa lekcha ya kinyago. Yeye dakika za mwanzo tu akasema "watoto wako wapi?" Nikamwambia subiri dada, stori inakuja. Akasema "mdogo wangu, sihitaji kusubiri, ukiitiwa watoto ukafika watoto hawapo, jua ushauzwa." Mimi nilikuwa najifunza kuangalia vilivyopo kwenye picha, yeye kaona kisichokuwepo, na kisichokuwepo ndio kimebeba stori. Tokea hapo hilo ni swali langu la kudumu, nini kilitakiwa kiwepo hapa na hakipo? Wadada wangapi wametoka Mombasa, Kampala, Tanga kwenda Ghuba wakakuta kazi iliyosemwa sio kazi iliyopo, hao hawahitaji profesa wa kuwafafanulia Sembène, labda profesa ndio akae nao.

Twende kwenye sauti, maana watu wengi wakichambua muvi wanachambua picha tu wanasahau masikio. Mbele ya mabosi Diouana anasema "Oui, Madame", "Oui, Monsieur", yani ndio bibi, ndio bwana, karibu basi. Kichwani mwake anaongea sana, anauliza, anakumbuka, anakasirika, na yote kwa Kifaransa kilichonyooka. Kuna chakula cha mchana wageni wamekuja, kapika wali wa kwao, mezani wanaulizana kuhusu yeye kama vile ni kiti, alafu mzee mmoja anainuka anambusu eti hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Wao wanasikia kimya, sisi tunasikia kichwa chake. Kwahiyo Sembène katuweka sehemu ambayo hakuna mtu yeyote kwenye ile fleti anaifikia, na ndio maana wakimuita mvivu tunaumia, sisi tunajua anawaza nini.

Sasa kuna utata mtamu. Sauti ile ya kichwani sio ya Mbissine Thérèse Diop anayeigiza Diouana, ni ya Toto Bissainthe, msanii kutoka Haiti, sauti ziliingizwa baadae. Mtu wa nadharia atapiga makofi, "unaona, hata sauti yake kanyang'anywa!" Mtu wa hela atasema acheni hizo, ni mambo ya utengenezaji, pesa ilitoka Ufaransa na Kifaransa kikaja na pesa. Mi naona wote wana haki na hawana haja ya kugombana. Sababu ya kitu kutokea wakati wa kutengeneza ni habari moja, na kitu hicho kinafanya nini kwa mtazamaji ni habari nyingine. Ila huwezi kudai dairekta alipanga jambo kama hujui, unasema tu muvi inafanya hivi, basi, unakuwa salama. Na ukitaka kujua Sembène alilionaje suala la lugha angalia alichofanya muvi iliyofuata, Mandabi ya 1968, watu wanaongea Kiwolofu, lugha ya kwao Senegali.

Tena kuna sini ya barua, fupi sana lakini kwangu ndio moyo wa picha. Inakuja barua kutoka kwa mama yake. Diouana hajui kusoma, Monsieur anamsomea kwa sauti, na baada ya hapo anachukua karatasi anaanza kumuandikia majibu, anatunga mwenyewe, mimi mzima, kazi nzuri, mabosi wazuri, huku Diouana amekaa hapo hapo hajasema neno. Anaichana ile barua, moyoni anasema hiyo sio barua yake. Umeona inavyoungana na sauti? Muvi nzima watu wanaongea kwa niaba yake, na hapa wamefikia kumuandikia mpaka yeye ni nani.

Kitu kingine ni kukata, yani picha moja ikiisha inakuja ipi. Warusi ndio walilifanyia hili majaribio, Lev Kuleshov aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na mtoto kwenye jeneza, kisha na mwanamke, ikasemwa watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa kwenye uso ambao haujabadilika. Sembène kasoma huko huko Moscow na inaonekana alisikiliza. Diouana anapokufa bafuni hatukai kulia nae, tunakatiwa kwenda kwenye habari ndogo gazetini na ufukwe, watu wamelala juani wanasoma, wanageuka upande wa pili. Bafu peke yake ni msiba, ufukwe peke yake ni likizo, viweke jirani inakuwa shtaka.

Na hapo kwenye gazeti ndio pahala pa kuingiza historia, sio mwanzoni. Maana kuna wachambuzi wanaanza na mwaka, uhuru wa Senegali 1960, amri ya Laval ya 1934 iliyowafanya Waafrika kwenye makoloni ya Ufaransa wasiweze kupiga picha za sinema bila kibali cha serikali, wanamaliza kurasa tatu muvi haijaanza. Historia ilete pale inapofungua kitu. Hii stori Sembène aliitoa kwenye kihabari kidogo cha kweli cha gazeti, akaiandika kwanza hadithi fupi kwenye kitabu chake cha 1962, Voltaïque. Sasa rudi kwenye lile gazeti la ufukweni. Muvi imekuonyesha mbegu yake yenyewe, mistari michache kuhusu binti mweusi aliyejiua, na umeshakaa saa nzima ndani ya kichwa ambacho ile mistari haikuwa na nafasi nacho.

Jamani lakini msizidishe. Kuna watu wakishajua alama basi kila kijiko ni alama. Nimewahi kumsikia jamaa anasema muvi hii ni nyeusi na nyeupe kwasababu inahusu weusi na weupe. Kaka, muvi kibao za miaka hiyo zilikuwa nyeusi na nyeupe, na nyingine zinahusu wizi wa ng'ombe. Unachoweza kusema ni kwamba kwa mkanda huo wa nyeusi na nyeupe aliokuwa nao, kachagua kuta nyeupe tupu, beseni jeupe, akamuweka Diouana mbele ya hivyo vitu mara kwa mara, huo ni uchaguzi na unaweza kunionyesha ni dakika gani. "Umeiona wapi?" ndio swali la kumkata mtu kilimi kwa heshima.

Na jiulize pia nini kwenye muvi kinakukatalia. Kama umeshaamua ni picha ya wazungu wabaya, mbona Madame kule Dakar alikuwa mchangamfu, anagawa nguo zake? Mbona Monsieur mara nyingine anaonekana ana aibu? Ukilikalia hilo unapata kitu kikubwa kuliko ubaya wa mtu mmoja. Kule Dakar walikuwa wakubwa bila kujitahidi, kwao Antibes ni watu wa kawaida tu kwenye fleti, na Diouana ndio kaletwa wawe wakubwa tena, wageni waje wale wali wa Kiafrika waone. Ndio maana Madame ana hasira vile, ukubwa wake wote unategemea binti akubali kuvua viatu.

Mwishoni Monsieur anaenda Dakar na sanduku, kinyago na hela. Mama anakataa hela. Yule mtoto anachukua kinyago, anakivaa, anaanza kumfuata bosi, na bosi anageuka geuka, anaharakisha, mpaka anaingia kwenye gari anaondoka. Hapo kila mtu anaandika "Afrika inamfukuza mkoloni" na inavutia kweli, mwaka 1966 ungeshangilia. Ila kamera haijaishia kwenye gari. Mtoto anakishusha kinyago na chini yake kuna uso, analia. Kama Sembène alitaka Afrika tu angetuachia kinyago. Mi naisoma hivi, kinyago kimemtisha bosi, ila aliyefiwa ni huyu mtoto, na muvi haikubali umsahau kwa ajili ya ushindi. Unaweza kunibishia, ila nionyeshe kwenye picha.

Ukitaka kujipima mwenyewe nenda na hiyo Mandabi. Mzee Ibrahima Dieng katumiwa faranga 25,000 na mtoto wa ndugu yake aliyeko Paris, posta wanataka kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, kinataka picha, kinataka stempu. Usifuatilie hela, fuatilia karatasi, kila karatasi inamuweka mbele ya dirisha la nani na anatoka pale amepungukiwa nini. Na utacheka pia, maana Dieng ana wake wawili, madeni, na majivuno ya kutosha mtaa mzima.